Mbuzi wa Kila Ijumaa

Kila mume ana ugonjwa wake. Wa jirani yetu wa kulia ni redio, wa shemeji yangu wa Handeni ni mbuzi, na wa Baba Zuhura ni semina. Akitoka semina ya ujasiriamali, tunafuga kuku. Akitoka semina ya lishe, kopo la sukari linahamia juu ya kabati, mahali ambapo mimi sifiki bila stuli. Safari hii kazini kwao, kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, waliletewa mtaalamu wa kuwafundisha kupanga kazi kwa programu ya simu. Jina la programu naliweka kapuni, maana nayo ina watu inaowalisha.

Alirudi nyumbani Tabata na uso wa mtu aliyeoteshwa. Baada ya isha akatuita wote sebuleni: mimi, mama yake mzazi ambaye watoto wanamwita Bibi na sisi wakubwa tumefuata mkumbo, Zuhura na mdogo wake, na dada anayetusaidia kazi. Televisheni ikazimwa, jambo ambalo kwetu hutokea umeme unapokatika tu.

"Kazi zote za nyumba hii zinaingia humu," alisema, ameinua simu. "Kila kazi ni kadi. Kadi ina jina la mhusika, ina tarehe, ina kengele. Safu ni tatu: Za Kufanya, Zinafanyika, Zimekwisha. Ukianza kazi unaisogeza kadi kwa kidole. Ukimaliza, unaisogeza tena. Basi."

"Na kazi yenyewe anaifanya nani?" Bibi akauliza.

"Mama, subiri nimalize."

Akatupeleka Japani. Baada ya vita vya pili vya dunia, mhandisi wa Toyota aitwaye Taiichi Ohno alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yanavyojaza rafu pale tu mteja anapochukua bidhaa. Akaleta mtindo huo kiwandani: kila kasha la vipuri lilikwenda na kadi yake, na vipuri vikitumika, kadi ilirudi nyuma kuagiza vingine. Wajapani waliuita kanban.

"Kumbe duka la Mangi," akasema Bibi. "Chumvi ikipungua rafuni, anaongeza."

"Ndiyo, Mama, lakini Mangi hana kadi."

"Ana macho."

Dada alijificha uso kwa mtandio. Baba Zuhura hakutetereka. Alitueleza kuwa mwaka 2011 ilitoka programu iitwayo Trello, iliyofanya ubao wa kadi za namna hiyo kuwa kitu cha kawaida kwenye kompyuta na simu, na mwaka 2017 kampuni ya Atlassian ikainunua kwa dola milioni 425. "Watu wametoa dola milioni 425 kwa ajili ya ubao wa kadi," alisema, "mimi napewa bure nawaletea, nyinyi mnanuna!"

Kadi ya kwanza iliandikwa usiku uleule: Boya la tangi.

Hapo sina budi kueleza habari ya boya. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka usiku wa manane, na lile boya linalotakiwa kufunga maji tangi likijaa lilikuwa limekwama. Maji yakitoka, tangi linajaa, linafurika, na yanaendelea kumwagika uani huku mita ikizunguka. Dawa yake ilikuwa mtu aamke akafunge koki kwa mkono. Mtu huyo alikuwa mimi. Nasikia maji yanapiga bati la banda la kuku, natoka kitandani, napapasa ukuta, nakanyaga tope kwa kandambili za Zuhura zisizonitosha, nafunga koki, narudi kulala na khanga iliyolowa mpaka magotini.

Baba Zuhura aliandika kadi hiyo kwa jina lake mwenyewe, akaitia rangi nyekundu ya haraka, akaipangia Jumamosi. Kisha akalala fofofo. Maji yalipotoka, nilimruka, nikaenda kufunga koki.

Usingizi ule ulinitatiza mpaka niliposoma habari za Bluma Zeigarnik. Huyu alikuwa mwanasaikolojia aliyesomea Berlin, na mwaka 1927 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kazi iliyokatizwa inang'ang'ania kichwani kuliko iliyomalizika. Husimuliwa kwamba wazo lilianzia kwa wahudumu wa mgahawani, waliokuwa wanakumbuka vizuri oda za wateja ambao hawajalipa, na wakishalipwa wanazisahau. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, wakaongeza jambo la pili: ili kichwa kiache kusumbuka, si lazima kazi iishe. Inatosha kuipangia mpango unaoeleweka, lini na vipi, kichwa kikatulia.

Hapo nikamwelewa mume wangu. Ile kadi ilikuwa imekwisha kumlipa. Boya lilitoka kichwani kwake likaingia kwenye simu, naye akapata usingizi wake halali. Mimi niliyebaki na koki sikuwa nimeandika mahali.

Jumamosi ilifika. Asubuhi nilimkuta barazani na chai, ameinamia simu. Nikadhani anamtafuta fundi. Kumbe anaigawanya kadi, kwa sababu mtaalamu aliwaambia kazi kubwa igawanywe vipande vidogo. Boya likazaa kadi zake: Pima mdomo wa bomba. Piga picha boya la zamani. Linganisha bei Kariakoo. Tafuta fundi mwaminifu. Duka la vifaa liko mtaa wa pili, unaliona ukisimama getini, na maboya yamening'inizwa mlangoni kwa kamba. Lakini Kariakoo ilikuwa imekwisha andikwa, na iliyoandikwa haifutiki. Hadi adhuhuri ubao ulikuwa na kadi za rangi nne, na boya limekwama palepale.

Wiki zilizofuata ubao ulinenepa. Zuhura alipangiwa kupanga vitabu, mdogo wake kulisha kuku, dada kupiga deki. Kadi ya umeme ikaandikwa Nunua LUKU, tarehe 30. Umeme haukuwa na habari na tarehe hiyo. Uniti ziliisha kabla, magharibi, wali uko kwenye jiko la umeme na simu ya Baba Zuhura ina chaji ya kuhesabia. Tukabaki gizani tunamsubiri akumbuke namba ya mita, ambayo alikuwa ameihifadhi ndani ya kadi, na kadi iko ndani ya simu iliyokwisha kuzima. Bibi aliitaja namba yote kwa kichwa. Yeye ndiye huwa anatumwa dukani.

Kisha ikaja dawa ya presha. Bibi anakunywa kidonge kila asubuhi saa mbili, baada ya chai. Dada, aliyekuwa amefundishwa kuingiza kadi na akaipenda kazi hiyo kuliko deki, akaandika kwa uaminifu wote: Dawa ya Bibi, 2:00, akabonyeza alama ya asubuhi. Sisi saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza. Programu inaanza kuhesabu watu wakiwa wamelala. Saa nane usiku simu tatu zililia kwa pamoja, chumbani kwetu, kwa dada na kwa Bibi mwenyewe, ambaye mwanawe alimuunganisha bila kumwambia.

Simu ya saa nane usiku katika ukoo wetu ina maana moja. Bibi alitoka chumbani amejitanda, mkono kichwani.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni dawa yako."

"Dawa yangu imefanya nini?"

Ilibidi Baba Zuhura aeleze, ndani ya chupi na kanzu iliyogeuzwa, kwamba 2:00 ya asubuhi kwa programu ni saa nane usiku. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Kitu kisichojua hata jua limechomoza au la," akasema, "ndicho kinipangie dawa." Akarudi kulala. Kwa kuwa tulikuwa tumeshaamka, na maji yalikuwa yameanza kutoka, nikapita uani nikafunga koki.

Mwisho wa mwezi Baba Zuhura akatuonyesha ripoti. Programu inatoa michoro: nani ana kadi ngapi, nani kamaliza ngapi. Duara lenye rangi, na kipande kikubwa kupita vyote kilikuwa changu. "Mama Zuhura, unaongoza!" akasema kwa furaha ya kweli kabisa. Nilitazama lile duara. Lilikuwa linasema ukweli nusu. Yote yaliyokuwa mle ni mambo ambayo mtu aliyaona, akayataja, yakapata kadi. Hayakuwemo yale ya kujua. Kujua kwamba kiatu cha Zuhura kinambana kwa jinsi anavyokivua akifika mlangoni. Kuutikisa mtungi wa gesi na kujua umebakiza maharage ya siku mbili. Kukumbuka nani alituchangia kwenye msiba wa babu, ili harusi ya bintiye isitukute tumeinamisha vichwa.

Usiku ule nikaingia kwenye ubao nikaandika zote. Kukumbuka gesi. Kukumbuka kiatu. Kukumbuka chanjo. Kukumbuka kwamba dada anataka ruhusa ya kwenda kwao na anaona haya kusema. Kuamka maji yakitoka. Kila moja nikaitia rangi nyekundu.

Asubuhi Baba Zuhura alisukuma kidole chini, chini, chini, safu haiishi. "Mama Zuhura, hizi si kazi."

"Basi ziache wiki moja tuone."

Alinyamaza kidogo, kisha akazifunga zote ndani ya kadi moja aliyoiita Mengineyo.

Sasa tuje kwa mbuzi. Tulipanga hitma ya babu, marehemu baba mkwe wangu, siku ya Ijumaa. Shughuli ya ukoo ndiyo uwanja wa Baba Zuhura: akawaunganisha ndugu wote, wa Tanga, wa Korogwe, mpaka shemeji yangu wa Handeni ambaye ni mfugaji. Wengine walifungua mara moja wakasahau. Shemeji, mtu mtiifu kwa kaka yake tangu utotoni, aliiheshimu programu kama barua ya serikali. Aliandikiwa alete mbuzi mmoja na nusu gunia la mahindi. Akaleta. Hitma ikasomwa, pilau likaliwa, watu wakatawanyika na dua.

Kumbe Baba Zuhura, kwa nia njema, alitaka familia isome Yasini kila Ijumaa kumrehemu babu. Akaichukua kadi kubwa ya hitma, akaiwekea alama ya kujirudia kila wiki. Ndani ya kadi kubwa zilikuwemo ndogo zake zote. Yasini ikajirudia. Na mbuzi akajirudia.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, nilisikia bajaji inapiga honi getini. Kufungua, namwona shemeji amebanwa kiti cha nyuma na beberu mwekundu, pembe moja imetokeza upande wa pili. Alikuwa ameshuka na fuso la mahindi Mbezi, akakodi bajaji mpaka Tabata.

"Shemeji, karibu. Kuna nini?"

"Salama tu, shemeji. Kaka ameniandikia." Akanionyesha simu. Kadi ilikuwa pale, na jina lake, na kengele. "Nikasema, kila Ijumaa mbuzi mmoja, hili si jambo dogo. Lakini kaka hawezi kuandika bila sababu."

Nikampa chai na mihogo. Beberu akafungwa uani, kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi, kwa sababu mti wetu wa mwembe uko upande wa jirani. Dereva wa bajaji, akigeuza kuondoka, akapiga honi. Beberu akaruka. Bomba la plastiki lililopigwa jua miaka yote likakatika kwenye soketi, kavu, na tangi zima lililokuwa limejaa usiku likashuka uani kwa kishindo.

Maji yalibeba kandambili, yalibeba beseni la nguo, yalizima jiko la mkaa lenye maharage. Kuku walipanda juu ya bati. Kisha yakapita chini ya ukuta kwenda kwa jirani wa kushoto, aliyekuwa anajenga, na mifuko yake ya saruji imepangwa chini palepale.

Nikampigia Baba Zuhura. Kelele za ghala zilisikika nyuma yake.

"Baba Zuhura, bomba limekatika, tangi lote limemwagika, maji yako kwenye saruji ya jirani, na ndugu yako yupo na mbuzi."

"Niko kwenye kikao. Iweke kwenye ubao, nitaiona."

Bibi alikuwa amesimama karibu, akasikia. Hakusema neno. Alisogeza stuli ukutani, akapanda, akaita upande wa pili: "Enyi mafundi! Nani hapo anajua bomba?" Akatokea kijana mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akaruka ukuta na mfuko wake wa zana. Akatazama bomba, akatazama juu kwenye tangi. "Bibi, na hili boya limekufa." "Tunajua, mwanangu. Limeandikwa." Zuhura akatumwa duka la mtaa wa pili: soketi, gundi, tepu ya uzi, boya. Shemeji akashika ngazi. Kabla ya adhana ya adhuhuri bomba lilikuwa limeungwa, na boya jipya linapanda na kushuka juu ya maji kama inavyotakiwa. Fundi nilimlipa kwa pesa ya mchezo wangu. Saruji ya jirani ililipwa kwa mshahara wa Baba Zuhura, na hilo lilichukua maongezi marefu.

Jioni alirudi, akapanda mwenyewe ngazini kuliona boya, akashuka ameridhika. Akatoa simu, akaisogeza kadi hadi Zimekwisha. Skrini ikamwaga karatasi za rangi na maneno ya kumpongeza kwa jina lake. Akatuonyesha.

"Hongera," Bibi akamwambia. "Sasa keti."

Kikao kile alikiongoza mama yake, bila kadi. Mimi nilikuwa nimesoma zaidi juu ya yule Mjapani, nikaleta ushahidi. Kwenye mtindo wa Toyota kadi haikuwepo ili watu waandike mengi. Ilikuwepo kuwazuia: hakuna kadi, hakuna kutengeneza. Na waliouhamishia mtindo huo kwenye kazi za ofisini wanasisitiza safu ya katikati iwe na kikomo, kazi mpya isianze mpaka iliyoanza imetoka. Kwenye ubao wetu safu ya Zinafanyika ilikuwa ndefu kuliko foleni ya daladala, na zote zimeanzishwa na mtu mmoja.

Nikataja pia kijumbe wa mchezo wetu. Yule mama ana daftari la shule lililochakaa, lina majina, kiasi na tarehe ya kupokea. Hajawahi kukosa mtu. Daftari ni la kumsaidia kumbukumbu tu. Kinachofanya pesa itoke ni kwamba siku ikifika anabisha hodi mlangoni kwako, na wanawake wenzako wanajua zamu ni ya nani.

Tukaamua hivi. Kadi zinazofanyika zisizidi tatu kwa nyumba nzima. Kadi iwe na jina moja, na mwenye jina awe amekubali kwa mdomo kabla hajaandikwa. Kadi ya kujirudia ipite kwa Bibi kwanza. Saa ziandikwe na Baba Zuhura peke yake, aliyezoea saa za ghalani. Jumapili baada ya chakula cha mchana ubao usomwe kwa sauti, na ambaye kadi yake haijasogea aeleze mbele ya watoto. Mengineyo ifunguliwe, igawanywe: gesi, kiatu na chanjo sasa ni za Baba Zuhura, pamoja na kuzijua kabla hajaambiwa. Wiki ya kwanza mtungi uliisha katikati ya chapati. Wiki ya pili nilimwona amesimama jikoni peke yake, anautikisa.

Beberu tulimla, kwa sababu shemeji alikataa kabisa kurudi naye Handeni. Alisema kilichoandikwa kimeandikwa.

Nawe, dada yangu unayesoma haya, mumeo akirudi na programu ya kupanga kazi, usimkatalie. Ni chombo kizuri kwa wenye kadi chache. Ila kabla hajasogeza kidole, muulize mambo mawili mbele ya mashahidi: kadi ya kwanza ni ya nani, na inafanyika saa ngapi leo. Akijibu ni yake, mpe spana, na simu muachie mama yake amshikie mpaka amalize.